Mchezaji Asiye na Kwao

Tangu klabu za Ulaya ziwekewe ukomo wa matumizi, ndugu wa mchezaji nao walihesabiwa kuwa gharama. Ugonjwa wao, misiba yao, hata hamu ya mama kumwona mwanawe, vyote vilikuwa na bei. Aliyenunulika ni asiye na kwao. Klabu ilimtaka Shamte ili ibebe kombe, naye Shamte alizaliwa na mpira mguuni. Basi mama yake, Bi Somoe, akaenda kwa mawakili, akaapa kwamba hakumzaa. Siku akilegeza kiapo, kijana soka basi, na klabu pinzani zilikuwa na masikio hadi Lindi kwao.

Siku ya fainali majirani walijaa sebuleni kwake mbele ya runinga. Bi Somoe alikuwa akigawa kashata wakati beki wa timu pinzani alipomkwatua Shamte na mguu ukapinda vibaya. Kamera ikamsogelea. Kila mtu aliiona midomo yake ikiita: “Mama! Mama!”

Watu wakamgeukia Bi Somoe.

“Somoe,” jirani yake Binti Chande akamwambia taratibu, “mtoto anakuita.”

Bi Somoe akaishika sahani kwa mikono miwili.

“Kila anayeumia huita mama, shoga,” akasema. “Hata asiye naye.”