Muulize Mwenyewe

"Anajua kupiga pasi?" msimamizi wa kiwanda kimoja cha mashati huko Masoro alimuuliza mama, ilhali Mutesi mwenyewe amesimama palepale, cheti cha chuo cha ushonaji amekikumbatia kifuani.

Mama alikuwa amechoka. Hospitalini hivyo, kanisani hivyo! Kwa kuwa akili ya binti yake inakwenda polepole, kila mtu amemfanya mama kuwa mdomo wake. Msichana wa miaka ishirini na mbili!

"Kwani hana masikio? Muulize mwenyewe, bwana!"

Msimamizi akaona haya, akamgeukia Mutesi. "Haya dada, unapenda kazi gani hapa?"

Mutesi akatazama mashine. Akatazama dari. Akalamba midomo. Mama akakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mungu wangu, si aseme tu!

"Anapenda kupiga pasi kola," mama akasema. "Vifungo ndivyo vinavyomshinda, lakini kola..."

Kiganja kikamziba mdomo. Ncha za vidole zilimkwaruza shavuni, zenye sugu, zimechomwachomwa na sindano.

"Ceceka, mama, nyamaza," Mutesi akasema, mkono ungali palepale. "Mimi napenda vifungo."