Tope la Mlimani kwa Ragna

Ragna Tollefsrud alikuwa akipanda mlima na ndoo mbili za udongo aliouchota shambani kwa jirani yake.

Jirani mwenyewe, Selmer Brekke, alimwona kutoka zizini akaangua kicheko.

"Dada! Sasa unaniibia udongo mchana kweupe?"

"Si wako, Selmer. Ni wangu. Mvua ya jana imekuletea tena."

"Kilichoingia kwangu ni changu! Hebu tua hizo ndoo, utavunjika kiuno bure. Kuna mtu amelalamika?"

Hapo ndipo palipomchoma. Laiti angelalamika! Uzio wa Selmer ulikuwa umefukiwa hadi waya wa pili, na bado mtu huyo hajawahi kumnunia hata siku moja. Ragna akatua ndoo, akafuta mikono kwenye aproni, akarudi nyumbani ameinamisha kichwa kama mwizi.

Haya yote yalianza baada ya Peder, mumewe, kufariki. Peder alikuwa ameuachia majani ule mteremko mkali wa shamba lao, ng'ombe wakayala. Alipokwisha kuzikwa, Selmer alikuja na trekta lake bila kuitwa. Alisema si vizuri ardhi ilale na mjane apungukiwe. Akaulima mteremko wote, na kila majira ya kuchipua tangu hapo amerudi kuulima, wala hadai hata mafuta ya trekta.

Tena alilima kwa namna ile ile aliyoipenda Peder kwenye mashamba yake ya tambarare, mistari imenyooka kama uzi, ila hapa ilishuka kutoka kileleni moja kwa moja hadi chini. Huko kwao Wisconsin, watu walipita barabarani siku ya Jumapili wakipunguza mwendo wa gari ili kutazama nani amenyoosha na nani amepinda. Aliyepinda alisemwa mpaka mavuno.

"Simlimii mtu hapa, namlimia Peder," Selmer alikuwa akisema. "Nikipinda mstari mmoja tu, atanitokea ndotoni anizabe kibao."

Ragna alicheka, kisha akaingia ndani chakula kikamshinda. Mtu anakutendea wema, nawe unamlipa tope! Kila mvua iliponguruma usiku alipiga magoti kando ya kitanda, akaisikia ardhi yake ikiteremka kwa watu wasio na hatia. Mahindi ya Selmer yalikuwa yakimpita mtu kichwa, naye alimshukuru Mungu kwamba angalau hajawatia njaa.

Jumapili moja mchungaji alihubiri kwamba aliyemkosea jirani asiikaribie Meza ya Bwana kabla ya kupatana naye. Watu waliinuka kwenda mbele. Ragna alibaki kwenye benchi. Gudrun, mke wa Selmer, alipopita akamfinya bega.

"Mwenzangu, leo umeua nani?"

Jumatatu asubuhi Ragna alikwenda mjini, kwenye ofisi ya hifadhi ya udongo.

Bwana Zastrow wa ofisi hiyo alikuja na kipimo chake cha usawa na mzigo wa vigingi. Alichimba kileleni kwa sepeto. Udongo mweusi haukufika hata unene wa kiganja. Chini yake ulikuwa mfinyanzi wa manjano.

"Mama, nani anakulimia hapa?"

"Jirani yangu. Bure kabisa."

"Bure." Zastrow alitazama bondeni kwa Selmer, akautazama tena ule mfinyanzi. "Ukilima kwa kushuka na mlima, unayachimbia maji njia. Hapa mistari inatakiwa ikingame. Ukanda wa mahindi, ukanda wa majani, hivyo hivyo mpaka chini. Tope halitateremka."

"Itapinda?"

"Itapinda kama ukingo wa bakuli."

Ragna alifumba macho. "Nisamehe, Peder," alisema kimoyomoyo. Kisha akatia sahihi. Kumwaibisha marehemu barabarani kulikuwa kuzito, lakini kumwonea aliye hai kulikuwa kuzito zaidi.

Jumamosi alikaanga chapati za viazi, akazipaka siagi na sukari, akazifunga kwenye kitambaa safi akateremka kwa kina Brekke. Aliwakuta mezani wanakunywa kahawa. Gudrun akamvutia kiti.

"Keti, dada. Umetuletea nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha," Ragna alisema, hakuketi. "Tangu Peder aondoke nawamwagia tope, nanyi mnaninyamazia. Unanilimia kwa mkono wako, Selmer, mimi nakufukia uzio. Nimeshindwa kwenda Mezani kwa Bwana kwa ajili yenu."

"Ah, dada, mambo ya mvua hayo..."

"Ngoja nimalize. Nimemwita mtu wa udongo. Vigingi vimeshapigwa. Kuanzia msimu huu shamba litalimwa kwa kukingama mlima, na hata konzi moja ya udongo haitawateremkia tena. Nawe utapumzika, kaka yangu. Umenitumikia vya kutosha."

Alingoja Selmer acheke kama kawaida yake. Selmer alisukuma kikombe pembeni, masikio yamemwiva.

"Umeshatia sahihi?"

"Nimeshatia. Nisameheni."

Kisha Gudrun akamgeukia mumewe, kana kwamba Ragna hayupo chumbani.

"Na ule upande wa mawe wa shamba letu, Selmer? Si uliniambia ukimlimia misimu miwili mingine nao utakuwa umefukika wote kwa udongo wake?"