Pamba Kabla ya Kahawa

"Mzee wangu, sema kweli. Na wewe ulikuwa unatafakari?"

Mtafiti alinikazia macho. Majira yote ya baridi, hapa Leipzig, mke wangu Hannelore aliketi kila asubuhi kwenye mto kando ya dirisha, kafumba macho, akifuata pumzi zake. Mimi nilitakiwa nisifanye lolote, ili tulinganishwe. Kahawa ilikuwa marufuku mpaka amalize, kisha kila mmoja wetu atafune kipande cha pamba kilowe mate. Katika mate hayo walipima homoni ya msongo.

"Ya mama imeshuka kidogo," alisema mtafiti. "Yako imeporomoka."

"Huyu?" Hannelore aliangua kicheko. "Huyu anayegombana mpaka na birika?"

"Sijatafakari mimi!" nilifoka. "Mambo ya kukaa kama chura siyawezi."

"Basi mwenzako akifumba macho, wewe ulikuwa ukifanya nini?"

Masikio yaliniwaka moto.

"Namngoja. Ana kamshipa kembamba kwenye kope la kushoto, ka buluu. Nakatazama tu, mpaka afumbue."

Hannelore aliacha kucheka.