Kona ya Kakakuona

Mbweha, mgeni kutoka mbali, aliwaahidi wanyama wa mlimani kiwanda cha kutengeneza mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Wote walishangilia, isipokuwa Kakakuona, asiyeamini maneno matupu.

"Kiwanda kitajengwa hapahapa?"

"Bila shaka, mama."

"Mbona basi unataka nihame hapa konani ili barabara inyooshwe?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu."

Kakakuona akagoma kuhama. Majirani wakamwita adui wa maendeleo.

Siku moja likaja lori limebeba panga refu kuliko twiga kumi, lililotengenezwa huko kwao Mbweha. Likakwama konani.

"Mama, nakuomba uhame!" Mbweha akamsihi.

"Sihami. Hama wewe, uje na kile kiwanda."