Zamu ya Machibya

Atakayeshindwa ndiye atakayeshuka kisimani, ambako hewa mbaya ilimuua mwenzao jana. Mafundi visima wa mji ule waliamua hivyo, kwa mchezo wa karata wa vita vya vyombo vya angani.

Kila zamu unavuta karata, unasogeza chombo chako, kisha unapiga au unajikinga. Huwezi yote mawili.

Walibaki wawili mchezoni, Sengondo na Machibya. Sengondo akapiga kombora. Lingefika baada ya zamu ya Machibya na kummaliza, ila kama angevuta ngao na kuiweka mezani; hapo Sengondo angeshindwa.

"Hujajikinga, shemeji," Machibya akacheka. "Unataka dada yangu awe mjane?"

"Vuta karata," Sengondo alisema.

Machibya akavuta, akaitazama: ngao. Kicheko kikakatika. Akaibana karata kifuani kwa viganja viwili, wala hakuiweka mezani.