Kipa Aliyeiacha Mechi

Asubuhi ile ya Siku ya Upatanisho, Elkan alipewa heshima ya kufungua kabati la Torati. Sinagogi zima lilimtazama kwa fahari: kipa wa timu ya mji kaiacha mechi ya watani wa jadi kwa ajili ya mfungo!

Mwaka jana siku kama hii alidaka, tena mapumzikoni akanywa chai.

Safari hii aliogopa tu. Watani walishamtungua matano, na kila akifumba macho alisikia uwanja ukimzomea. Alipoona mfungo umeangukia siku ya mechi, alimpigia kocha simu kabla hajamaliza kusoma kalenda.

"Kwa dhambi tuliyoitenda kwa uongo," waumini wakasema, wakisoma orodha ndefu ya dhambi za kuungama, na kwa kila dhambi kila mmoja akajigonga kifua polepole.

Elkan alijigonga kwa ngumi yake pana ya kudakia mipira, mpaka benchi likatetemeka.

Mzee aliyesimama kando yake akamshika kiwiko, machozi yakimlenga. "Taratibu, mwanangu, utajiumiza bure. Wewe leo una dhambi gani?"

Ngumi ikabaki hewani. Orodha ya dhambi ilikuwa haijafika hata nusu.