Flashi ya Mzee Razafimahefa

Flashi ilikuwa imekaa kaburini miaka mitano, na ilipochomekwa kwenye kompyuta ilisoma bila taabu. Kuandika ndiko ilikokataa. Fundi Tovo alijaribu kunakili faili moja dogo, ikagoma. Akajaribu tena, ikarudisha maneno yaleyale: imezuiwa kuandikwa.

"Ina kiburi kama mwenyewe," alisema Hanitra, binti wa marehemu, akicheka kicheko cha mtu asiyelala vizuri.

Ng'ambo ya barabara ya kwenda Antsirabe, tarumbeta zilikuwa zikirindima tangu asubuhi. Kama ilivyo desturi yao, jamaa za Hanitra walikuwa wamefungua kaburi la ukoo, wakawatoa marehemu wao, wakawabeba mabegani na kucheza nao. Sasa walikuwa wakila wali na nyama ya mafuta kabla ya kuwavisha hariri mpya. Jua likizama, kila marehemu lazima awe amerudi kwenye rafu yake ya mawe na mlango umefungwa. Pasipo msiba, haufunguliwi tena hadi miaka saba ipite.

Ndiyo maana Hanitra hakuweza kutulia kitini. Baba yake alimjia ndotoni karibu kila wiki akilalamika baridi. Tena alikuwa amekufa kabla ya kumwona mjukuu wake wa kwanza, yeye aliyemsubiri kwa hamu kuliko wote. Hanitra alikuwa amenasa kwenye simu sauti ya mtoto akimsalimu babu. Alitaka iingie kwenye flashi hiyo, ilazwe kifuani mwa mzee, pengine atapumzika na kumwacha na yeye apumzike. Aliliamini hilo kwa moyo wote, na ungemwambia vinginevyo mngekosana.

"Hii si flashi tu, dada," Tovo alisema, akiigeuza kiganjani. "Ina kinasa sauti ndani."

"Najua. Mzee ndiye alikuwa msemaji wa ukoo. Posa yeye, misiba yeye. Alikuwa anajinasa humo akifanya mazoezi, basi tukamzika nayo."

"Mliizima?"

"Nani angekumbuka kuzima? Alijilaza Jumapili baada ya chakula, hakuamka. Mnajimu akasema tumzike kesho yake, la sivyo tungoje mwezi mzima. Jumanne ni mwiko kwetu, unajua mwenyewe. Tulivyokimbizana na sanda siku ile, kaka, we acha tu!"

Tovo alisukuma kiswichi cha ubavuni huku na huku. Bure. Akaandika amri za kuondoa kufuli. Kompyuta ikasema limeondoka, flashi ikasema ng'o.

"Leo mmeikuta wapi?"

"Sakafuni, karibu na mlango. Panya hao! Na sanda wameivuruga yote. Mjomba anasema mzee alichoka kulala akaamua kucheza peke yake. Tumecheka sisi!"

Tovo hakucheka. Alikuna kidevu.

"Nadhani nimeujua ugonjwa wake," alisema. "Betri iliisha huku bado inanasa. Faili likabaki wazi, na flashi ikiwa na kidonda kama hicho hujifunga, isiharibike zaidi. Tukilifunga faili, itaandika."

Akaiachia kompyuta ikague makosa. Hanitra alitazama jua likishuka juu ya mashamba ya mpunga, akaomba kimoyomoyo. Hatimaye faili lililokuwa limejificha likajitokeza, refu, la saa sita na ushei. Tovo akajaribu tena kunakili sauti ya mtoto, na safari hii ikaingia.

Hanitra alipiga makofi, machozi yakamtoka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijisikia mwepesi.

"Mungu akubariki, kaka! Nipe nikimbie."

"Hili kubwa nilifute?"

"Hapana. Hivyo ni vilio vyetu vya mazishi. Mwache mzee abaki navyo."

"Si mlimzika Jumatatu?" Tovo alisogeza uso kwenye kioo. "Hili limeanza Jumanne, alfajiri."

"Jumanne hakuna mtu anayekanyaga kule. Hiyo saa yake imeharibika."

"Dada, hiki kinasa huamka chenyewe kikisikia sauti. Pakiwa kimya, hulala."

Hanitra alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.

Kwanza kilisikika kitambaa kikichanika, polepole, kwa muda mrefu. Halafu mtu akakohoa, akasafisha koo kama msemaji anayetaka kusimama mbele ya watu, na sauti ya baba yake ikaanza kwa kuomba radhi, kwa adabu zake zote:

"Nisameheni kwa kuwasumbua, wazee wangu mliolala humu. Nimeletwa kwenu kabla sijafa. Nivumilieni kidogo tu, niwaite wanangu waje wanifungulie."